Kinywa cha Ba Ngoie

Mwezi uliopita nilimkuta Kabwe kwa daktari wa meno, hapa hapa Lubumbashi. Tulikaa benchi moja bila kujuana kwa muda ambao ungetosha kuivisha maharagwe ya mawe. Mimi nilikuwa nimeshika shavu lililovimba kana kwamba nimeficha mpira wa miguu ndani. Yeye alikuwa na fimbo, kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linayeyusha lami, na ule mkono wa kulia ambao vidole vyake viwili havikunjiki. Nilivijua vidole kabla ya kuujua uso, kwa sababu nilikuwepo siku vilipoharibika. "We njo Profu?" akauliza. "Njo miye," nikajibu, ndiye mimi. Tukapigana mabega, tukacheka, tukaulizana nani amekufa, ikawa karibu wote, na nani bado, ikawa sisi wawili. Halafu akainama juu ya fimbo yake. "Profu, ile mambo ya Ba Ngoie, ulishaka kuiandika? Kati yetu we njo ulikuwa unajua kuandika." Nikasema bado. "Andika basi. Lakini hii mara, hapana kuongeza." Kuniambia mimi nisiongeze ni kumwambia mama apike bukari, ugali wetu, bila unga. Cheti changu cha shule ya jioni kinaning'inia sebuleni, na huwa nawaambia wageni kwamba kililetwa nyumbani na wapagazi wanne. Lakini Kabwe ana haki ya kuomba. Basi tupatane hivi, msomaji: pale utakapocheka, ujue nimeongeza, pasipo na kicheko, pachukue kama palivyo.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule tulioamriwa kuacha majina ya ubatizo. Mtu aliyekuwa Dieudonné miaka thelathini alilala, akaamka ni mwingine, na barua zake mpaka leo zinamtafuta posta. Wote tulikuwa "citoyen", yaani raia, kuanzia mkurugenzi hadi mbwa wa mlinzi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, msaidizi wa stoo katika kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma, njia ya kwenda Ruashi, kilichotengeneza mipira ya chuma ya kusagia mawe ya shaba huko migodini. Asubuhi, kabla ya kazi, tulijipanga mistari uani tukacheza na kuimba sifa za uongozi, na mimi nilitikisa kiuno kwa bidii hivi kwamba suruali mbili ziliomba kustaafu. Jioni nilikwenda shule. Mwalimu wetu wa Kifaransa alituambia kwamba insha isiyo na mifano ni mchuzi wa maji: ukisema mtu ni mrefu, sema mrefu kama nini. Maneno hayo yaliniingia kuliko sala. Kila nilichokiona mchana nilikitafutia "kama nini" yake njia nzima ya kwenda darasani, na jioni mwalimu alisoma insha yangu mbele ya wenzangu, na wenzangu, watu wazima wenye watoto na mikono iliyoungua, walinipigia makofi. Hakuna pombe inayolewesha kama hiyo. Leo nikifikiri, naona hapo ndipo kosa lilipoanza kunenepa.

Nilikaa chumba cha nyuma katika nyumba ya Ba Ngoie. Yeye alikuwa dereva wa kreni, ile inayotembea chini ya paa la kiwanda ikibeba mizigo ya moto, na nyumba ilikuwa ya kiwanda: ukishuka kwenye kreni, unashuka na kwenye nyumba. Ukuta kati ya kitanda changu na meza yao ulikuwa wa tofali moja lililosimama ubavu, mwembamba hivi kwamba nilijua Ba Ngoie yuko tonge la ngapi. Nilimjua mtu yule kwa masikio kabla ya macho. Nilimsikia akiguna kwa furaha sufuria ya sombe, kisamvu chetu, ikifunuliwa, nilimsikia akitafuna pilipili mbichi moja baada ya nyingine kama watu wengine wanavyotafuna karanga, nilimsikia mkewe akipiga ukuta kwa mwiko: "Profu, kuya kula! Kitabu haishibishe!" Nami nilikwenda, kila mara, kabla hajamaliza kupiga. Tulikula bukari moto na samaki kavu wa Kasenga, na Ba Ngoie alinisogezea kichwa cha samaki akisema ni cha msomi. Aliniita mwalimu, mimi ambaye sikuwa nimemfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Mwezi wa tano mnyororo ulikatika. Chini ya kreni alikuwa Mwape, mfunga mizigo, rafiki ya Ba Ngoie tangu ujana wao. Mwape alifunga, akapiga filimbi, Ba Ngoie akainua, na mzigo wa masanduku ya chuma yaliyo bado ya moto ukamrudia Mwape kutoka juu. Nilitoka stoo mbio nikiwa na kalamu sikioni. Hapa siongezi kitu. Tulimkusanya kwa koleo. Koti lake la kazi lilikuwa bado linafuka moshi, na filimbi ilikuwa imeingia ndani ya taya. Ba Ngoie alishuka ngazi ya kreni polepole, akapiga magoti kwenye mchanga wa kiwanda, akaanza kuuchambua kwa vidole, akitafuta. Ilibidi watu watatu wamnyanyue.

Wanaume wa kiwanda kile walikuwa na desturi yao ya makaburini. Sijui ilitoka kijiji gani, niliikuta. Mtu akifa kazini, wale aliokuwa nao zamu moja husimama ukingoni mwa shimo mbele ya mjane na wajomba. Kila mmoja huchukua punje ya udongo uliochimbwa, huuweka ulimini, hulapa, yaani huapa, humeza. Padri huangalia miti kwa dakika hizo. Nilimwona Ba Ngoie akiinama, akichukua udongo mwingi kuliko wenzake, akisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Kama ni miye nilimumaliza Mwape, kinywa yangu ioze." Akameza. Mjane, Mama Mwape, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kimemfunika kuanzia puani kwenda chini. Aliitikia kwa kichwa. Kabwe, mpwa wa marehemu, kijana wa rika langu mwenye mabega ya kubebea magunia, alisimama nyuma yake akihesabu nani amemeza na nani anafanya mchezo.

Tangu siku ile, upande wa pili wa ukuta pakawa kimya. Ba Ngoie hakuguna tena. Asubuhi, kwenye mistari ya kucheza, machozi yalimtiririka huku mikono ikipiga makofi, na wasimamizi walidhani ni upendo wa nchi. Alikonda. Siku moja magharibi aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akanipa sanduku dogo la karatasi lenye mstari wa kijani. Alikuwa amepewa na daktari ambaye muuguzi wa zahanati alimpeleka kwake. "Mwalimu, soma hii." Nikasoma, nikamwambia ni dawa ya huzuni. "Ya kichwa?" "Ya huzuni, Ba Ngoie." "Na huzuni inakaaka wapi?" Nikaligeuza sanduku mkononi. "Unaona? Inakaaka mu kichwa. Basi ni dawa ya bazimu. Bakijua ku kazi, batanishusha ku kreni siku ile ile, nyumba batapatia muntu mwingine. Na bandugu ya bibi yangu batakuya kumukamata muntu yabo. Hata yeye asijue. Ikae mu sanduku yako ya bitabu, miye nitakuya kumeza hapa. Lapa." Nikalapa kwa jina la mama yangu. Alipokwenda niliikunjua ile karatasi ndefu iliyokuwa ndani, kwa kuwa siku hizo nilisoma hata makopo ya sardini. Ilisema dawa inaweza kukausha kinywa. Ilisema pia kwamba kwa watu wachache inaweza kuleta vidonda mdomoni, na kwamba vikija, hasa na homa, mgonjwa amwone daktari upesi. Kesho yake nilimsomea Ba Ngoie vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku. Mengine sikumsomea. Yalikuwa marefu, na mimi nilikuwa nachelewa shule.

Lakini dawa ilifanya kazi yake. Baada ya wiki chache alilala. Nilimsikia akikoroma, na koroma ile ilikuwa tamu kwangu kuliko kwaya ya Pasaka, ingawa ilitikisa madirisha mpaka kwa jirani wa tatu. Aliongea mezani. Alikunywa tu maji mengi, mtungi kwa mtungi, akisema ulimi unamnata kama kiatu kwenye lami. Halafu ukaja mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua, na nikasikia kupitia ukutani: "Leo pilipili haukugusa." "Tumbo." Kesho yake: "Na samaki?" "Iko na miba." Samaki wa Kasenga, aliyekuwa akimtafuna na miba na macho! Akaanza kunywa uji uliopoa. Jioni moja alikuja chumbani, akakaa kitandani kwangu, akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Ndani ya mdomo, kwenye shavu na chini ya ulimi kulikuwa na vidonda, vyeupe katikati, vyekundu pembeni. "Mwalimu," akasema, "ile udongo inanirudilia?" Nikacheka kumtuliza. Nikatoa karatasi, nikamsomea mstari ule, mara mbili, nikamtafsiria. Alisikiliza kwa heshima kubwa. "Karatasi inaweza kusema vile," akajibu. "Lakini karatasi haikukuwa pale ku shimo. Miye njo nilivuta ile mukono ya kreni. Mwape alipiga filimbi, miye nikavuta. Nani alimumaliza basi?" Nikamsihi arudi kwa muuguzi. Akakataa: kwenye mstari wa zahanati kuna watu wote wa kambi, na muuguzi atamwambia afungue mdomo mbele yao. Akameza kidonge chake, akaenda.

Jumapili ile mchana nilikuwa baa moja huko Ruashi, tumetoka kwenye mpira, watu kama kumi mezani. Kila mmoja alitoa hadithi. "Profu, na weye tupatie moja!" Nilikuwa nimelapa kutosema habari ya vidonge, na sikusema. Mtu mwaminifu! Nilisema habari ya kinywa. Nilisema mwenye nyumba wangu kinywa chake kimetoboka kama chujio, ukimpa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, unatoka upande wa pili safi, machicha yote yamebaki ndani. Wakacheka mpaka meza ikatetemeka. Kabwe alikuwa pale, naye alicheka, kisha akaacha. "Mwenye nyumba yako ni nani? Haiko Ba Ngoie wa kreni?" Natamani niandike kwamba hapo niliogopa. Sikuogopa, niliona nimepata msikilizaji. Nikaongeza harufu. Nikaongeza mafunza. Nilimaliza kwa kusema mbwa wa jirani akimsikia Ba Ngoie anapiga mwayo huvuka barabara. Kabwe alisimama, akaacha chupa yake katikati, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilijifunza jinsi mfano mzuri unavyotembea kwa miguu yake mwenyewe. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao Mama Ngoie alipofika. Asubuhi ya Jumatano tulikuta kuku aliyenyongwa mlangoni, ulimi umekatwa. Alhamisi jiwe lilipita dirishani likaanguka ndani ya sufuria ya uji. Jioni ile ukuta uliniletea maneno haya, na nimeyabeba miaka yote: "Ngoie, banasema nini juu ya kinywa yako?" Kikombe kikawekwa mezani. "Nionyeshe." Kigoda kikasogezwa nyuma. "Ngoie, uko bwana yangu ya miaka mingapi? Nionyeshe basi." Kisha mkeka ukaburutwa, mama akaenda kulala kwa watoto. Sanduku lenye mstari wa kijani lilikuwa chini ya kitanda changu, hatua nne kutoka mezani kwao. Ningeweza kuamka nikapiga mlango. Nilijiambia nimelapa. Siri ambayo ingemwokoa niliitunza kama askari wa benki. Ile ambayo ingemwua nilikuwa nimeigawa bure baa nzima.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya raia wote, na kambi yetu ilipangiwa kuchimba mitaro. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa na jembe, panga au koleo mkononi kwa amri ya serikali. Saa nne asubuhi niliwaona wakija. Walikuwa elfu mbili. Sawa, Kabwe, walikuwa kama arobaini; lakini majembe arobaini uani ni mengi. Mbele walimtembeza Mama Mwape kwa mkono, katika nguo zake za msiba, kitambaa kimefunika mdomo, ili ashuhudie. Ba Ngoie alikuwa kwenye kigoda akinawa miguu. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Niliingia ndani, nikatia komeo, nikaweka jicho kwenye ufa.

"Citoyen Ngoie," Kabwe akasema, "fungua kinywa, bantu baone." "Juu ya nini, mutoto yangu?" "Miye haiko mutoto yako. Mujomba yangu iko mu udongo. Fungua." Ba Ngoie akafumba midomo. Mpini wa jembe ulimpata mguuni, chini ya goti, na nikasikia mfupa. Akaanguka juu ya beseni. Wawili wakamkalia mikono, mmoja kifua. Mtu akaingia jikoni akatoka na mwiko, mwiko ule ule wa bukari yetu, wakaupenyeza kati ya meno, wakaukandamiza kama wanafungua kreti. Meno yaliachia kwa mlio. Kabwe akatia vidole kuvuta shavu, na Ba Ngoie, ambaye sikuwahi kumsikia akimkaripia hata mtoto, akauma. Aliuma kama mnyama aliyenaswa, hakuachia mpaka vidole vikalia pwa, pwa, na Kabwe akapiga ukelele ulionyamazisha ua wote. Baada ya hapo hakukuwa na wa kuzuia. Walimpiga kwa mipini, kwa visigino, kwa bapa za koleo. Kiatu kimoja kilimkanyaga jichoni kikazunguka, kama mtu anavyozima sigara. "Mulozi! Muchawi! Angalieni, inaoza! Kaburi imejibu!" Mwanamke mmoja alileta kinu chetu cha pilipili, mkono ukachota, ukasugua ndani ya kile kinywa chenye vidonda na damu. Sauti aliyotoa Ba Ngoie hapo sikuitafutia "kama nini". Mama Ngoie alikuwa amebanwa ukutani na wanawake watatu, nguo imechanika mpaka kiunoni, akipiga kichwa chake mwenyewe kwenye tofali. Kisha mtu akasema, kwa utulivu, kama anayeomba maji: "Muende mulete petroli."

Nilikuwa nyuma ya komeo muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Najua, kwa sababu niliisali. Halafu nikavuta lile sanduku, nikatoka nikiwa nimeinua karatasi juu. "Ni dawa!" nikapiga kelele. "Anameza dawa ya daktari! Dawa njo inaleta vidonda, imeandikwa hapa!" Nikapanda kwenye ndoo, nikasoma Kifaransa, nikatafsiri, nikasoma tena. Kwa nukta moja walinisikiliza. Kisha mtu akasema, "Ni Profu! Leo anatuletea mufano gani?" na wakacheka. Walicheka, watu wenye damu mikononi. Walikuwa wamezoea kucheka nikisimama. Kabwe alinisogelea akiwa amebana vidole vyake kwapani. "We njo ulituambia chujio. We njo ulisema mafunza. Leo ni dawa. Siku gani ulishaka kusema kweli, Profu?" Nikainua karatasi tena. Bapa la koleo lilinipata mbavuni, nikaanguka na ndoo, vidonge vikamwagika kwenye tope la maji ya miguu, wakavikanyaga.

Mama Mwape ndiye aliyeinama. Aliliokota sanduku, akalifuta kwa nguo ya msiba, akaligeuza, akaupitisha mstari wa kijani chini ya kidole gumba. Hakujua kusoma. "Hii," akasema, "njo ile yangu." Hakuna aliyemsikia, kwa hiyo akafanya jambo ambalo mjane wa kwao hafanyi kabla ya msiba kuisha: alifungua fundo nyuma ya kichwa, akashusha kitambaa mbele ya wanaume wote, akavuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili. Vidonda vyake vilikuwa ndugu wa vile. Akageuka mzunguko mzima, polepole, kila mtu aone. "Tangu Mwape alikufa sikukuwa naamuka ku mukeka. Muganga ya zahanati alinipatia hii ya kila siku. Kinywa ikaanza kutoboka, nikaificha nyuma ya kitambaa, juu nilijua mutasema miye njo nilimuuzisha bwana yangu ku bulozi." Akamsogelea Kabwe. "Miye sikulamba udongo. Hakuna muntu alinilapisha. Sasa kinywa yangu inaoza juu ya nini? Niambie, Kabwe. Ni miye nilimumaliza mujomba yako? Basi, piga." Mipini ilibaki hewani. Halafu nyuma kabisa mtu akaita, "Ni bote babili!" na jiwe likaruka, likampata mama yule juu ya nyusi, damu ikafunika jicho. Kabwe akageuka. Alimfikia mrushaji kwa hatua tatu, akampiga kwa mkono wa kushoto, akampiga tena akiwa chini, akampiga mpaka wenzake wakamshika. Alikuwa analia. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, majembe yakiburutwa, kama watu waliokumbuka kwamba mtaro haujaisha. Hakuna aliyefungwa. Hapakuwa na mtu wa kumfunga mwenzake. Polisi wawili walikuwa kwenye mtaro huo huo.

Ba Ngoie alipoteza meno manne na jicho la kushoto, na mguu ukafungwa plasta. Hospitalini yule muuguzi wa zahanati, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinieleza taratibu, mbavu zangu zikiwa zimefungwa bandeji: dawa ile humkausha mtu mate, na kinywa kisicho na mate huchubuka na kutoboka, mara chache ni damu yenyewe imedhoofika, ndiyo maana lazima mgonjwa arudi apimwe. Angekuja kidonda cha kwanza kilipotokea, wangepima, wangempunguzia au kumbadilishia, wangempa ya kusukutua, basi. Ya Mama Mwape nayo hakuna aliyeyajua, kitambaa kiliyaficha. "Karatasi, nani alimusomea?" "Miye." "Yote?" Nikaangalia bandeji yangu. Daktari aliwabadilishia wote wawili dawa, na kabla mvua haijakolea vidonda vyao vilikuwa vimefunga. Jeraha la nyumba halikufunga hivyo. Kelele zangu za kwenye ndoo zilifika kiwandani zikiwa hazijapungua hata neno, na mkurugenzi alitoa uamuzi mfupi: mtu wa dawa ya kichwa hapandi kreni. Hata jicho hakulitaja. Shemeji zake walikuja pia, kama alivyosema, kumchukua dada yao. Mama Ngoie aliwapikia, wakala, akawaambia, "Mumeshiba? Basi muende," akaanza kufunga sufuria zake.

Waliondoka asubuhi kwa lori la mizigo linalokwenda Kasomeno, ambako Ba Ngoie alikuwa na kaka mwenye shamba. Nilibeba vitu vyote mimi, vitanda, kinu, mabeseni, huku mbavu zikinichoma, na hakuna aliyenizuia wala kunishukuru. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kuomba msamaha, na ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mifano saba. Mama alishapanda. Ba Ngoie alisimama chini, ameegemea ubao wa lori, kitambaa cheupe jichoni, na nilipofungua mdomo kuanza alinyanyua mkono. "Mwalimu. Kuya hapa." Nikaenda. Alinishika taya kwa mkono ule wa kreni, vidole upande mmoja, gumba upande mwingine, akabana mpaka nikaona nyota. "Fungua kinywa." Nikafungua. Akanigeuza kwenye mwanga. Aliangalia kwa jicho lake moja, bila haraka, chini ya ulimi, ndani ya mashavu. Akapitisha gumba lenye chumvi ya jasho juu ya ufizi wangu wote, kuanzia jino la mwisho la kulia mpaka la mwisho la kushoto. "Mama," akamwita mkewe juu, "kuya uangalie. Iko safi. Hakuna hata kidonda moya." Akafuta gumba kwenye suruali, akajivuta juu ya lori kwa mikono, mguu wa plasta ukining'inia. Lori likaondoka na vumbi lake. Mimi nilibaki barabarani kinywa wazi, kwa sababu hakuwa ameniambia nifunge.